Mdogo wangu anataka kubatizwa kwa Wamormoni. Mjomba anasema walifundisha kwamba Mweusi amelaaniwa. Ni kweli?

Dada_wa_Katuba

Jamboni nyote. Naandika toka Katuba, Lubumbashi. Mdogo wangu wa kiume amepata diploma yake, anangojea pesa ya chuo, na hapo katikati amejikuta kwa Wamormoni. Mnawajua, wale vijana wanaotembea wawili wawili, shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani. Wanaokuja kwetu si Wazungu: mmoja ni wa Mbuji-Mayi, mwenzake wa Kinshasa, Kiswahili chake kinatuchekesha sote ila anajitahidi. Nyumbani sisi ni Wametodisti, lakini baba husema mtu mzima ajichagulie pa kusali. Siku ya maji imeshapangwa.

Shida ni mjomba. Alikuja Jumapili, tukiwa kwenye bukari (ugali wetu), akamwambia mdogo wangu mbele ya watu: "Unaenda kusali kwa watu ambao mpaka juzi walisema ngozi yako ni alama ya Kaini? Mweusi hakuwa na ruhusa hata ya kuingia hekaluni mwao." Mdogo wangu akasema huo ni uongo wa intaneti. Walipokuja wale vijana akawauliza. Wakamjibu kwamba zamani kulikuwa na "jambo kuhusu ukuhani", Mungu akaliondoa, asali tu atapata jibu.

Mimi jibu hilo halikunitosha. Ni kweli au si kweli? Kama ni kweli, nani alianzisha, nani aliondoa? Na Mweusi anayeingia leo anaingia akijua? Tafadhali, sitaki matusi juu ya dini ya mtu.

Kijana_Ruashi

Dada, hiyo ni propaganda. Weusi wamebatizwa katika Kanisa hili tangu wakati wa nabii Joseph Smith mwenyewe, mwanzilishi wake. Hapa Lubumbashi maaskofu wetu ni Weusi, na hekalu la mji huu lilitangazwa 2020. Kanisa la kibaguzi lingejenga hekalu Lubumbashi? Mwambie mjomba asome kabla ya kusema.

Mwalimu_Kamalondo

Kijana wa Ruashi, mimi ni mshiriki kama wewe. Ulichoandika chote ni kweli, na bado hujajibu alichoulizwa. Mjomba naye amesema kweli. Binti yangu, nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie, nitaanza mbali kidogo.

Lazima kwanza ujue ukuhani kwetu ni nini, maana wewe ni Mmetodisti unamfikiria pasta. Kwetu haupewi mtu aliyesomea. Kila mwanamume anayeishi vizuri anapewa, na wavulana wanaanza wakiwa na miaka 12 hivi: ndio unaowaona Jumapili wakipitisha mkate na maji ya sakramenti kwenye mabenchi. Baba mwenyewe ndiye anayembatiza mtoto wake akifika miaka 8, ndiye anayemwekea mikono akiugua. Kwa hiyo ukisikia "Mweusi alinyimwa ukuhani", usifikiri alinyimwa cheo cha uaskofu peke yake. Baba Mweusi alisimama pembeni akamtazama mwanamume mwingine akimzamisha mwanawe. Mvulana Mweusi alipitishiwa mkate na watoto wa rika lake, yeye asiupitishe kamwe. Na zile ibada za hekaluni, ambamo tunaamini mume na mke wanaunganishwa hata ng'ambo ya kifo, walifungiwa, wanaume kwa wanawake. Ubatizo tu ndio ulikuwa wazi. Ndiyo maana wewe Kijana na mjomba mnaweza kubishana mpaka kesho na kila mmoja akawa na ushahidi wake.

Sasa nani alianzisha. Kanisa lilianzishwa 1830, jimbo la New York. Mwaka 1836 mtu Mweusi anayeitwa Elijah Abel, fundi seremala, alipewa ukuhani, akafanywa mzee wa Kanisa (daraja la ukuhani, si umri), na mwaka huo huo akawekwa katika Wale Sabini, kundi la wahubiri. Akatumwa kuhubiri New York na Kanada. Kule Lowell, Massachusetts, kulikuwa na kinyozi Mweusi, Walker Lewis, naye alikuwa mzee wa Kanisa. Joseph Smith alipogombea urais wa Marekani mwaka 1844, aliandika katika mpango wake kwamba serikali iuze ardhi ya umma iwanunulie watumwa uhuru wao mpaka 1850. Aliuawa mwaka huo huo wa 1844.

Halafu wakahamia Utah, magharibi mwa Marekani. Wasafiri wa kwanza kabisa walioingia bonde la Salt Lake mnamo Julai 1847 walikuwa na Weusi watatu watumwa ndani yao, mmoja wao Green Flake. Nasema hili kwa sababu katika picha za mapainia tunazoonyeshwa, huwaoni. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemfuata Joseph Smith, alisimama mbele ya baraza la kutunga sheria la Utah akatangaza kwamba mwanamume wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa na ukuhani. Baraza hilo hilo, mwaka huo huo, likapitisha sheria iliyohalalisha aina ya utumwa pale Utah. Mimi kama mwalimu wa historia siwezi kuyatenganisha mambo mawili yaliyotokea katika chumba kimoja na mwezi mmoja. Wengine wataniambia nina imani haba, sawa.

Elijah Abel alikuwa bado hai! Aliomba aingie hekaluni apate ibada zake, akakataliwa. Hawakumvua ukuhani lakini, na uzeeni wakamtuma tena kuhubiri. Alirudi amechoka, akafa Siku ya Krismasi 1884.

Amri ilipokwisha kuwekwa, wakubwa wakaitafutia sababu. Kwanza Kaini: eti aliwekewa alama, alama ni ngozi nyeusi. Kisha Hamu mwana wa Nuhu, eti ndiye aliyeipitisha laana hiyo kwenye gharika. Karne ya 20 ikaongezwa nyingine, nayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba roho za Weusi, kabla ya kuzaliwa, hazikuwa shujaa katika ile vita ya mbinguni. Maana ya Kaini mtu anaweza kusema ni babu yangu alikosa. Hii ya mwisho inakuambia umekosa wewe mwenyewe, mahali usipopakumbuka, na huwezi kujitetea.

Watu wa Lubumbashi tusijifanye tumesikia ajabu. Hadithi ya Hamu ililetwa kwetu na watu wengine kabisa, kabla hata Mmormoni mmoja hajakanyaga hapa. Ninakaa Kamalondo. Wazee wetu walihamishiwa huku wakati Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, kukawekwa ukanda mtupu katikati, upande ule mji wa Wazungu, upande huu cité, mtaa wa Weusi, na usiku Mweusi bila karatasi ya ruhusa hakutakiwa kuonekana kule. Waliouchora mji namna hiyo walikwenda misa. Lakini pia nitawasema Wakatoliki kwa jema lao: Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, mtoto wa Katanga hii, alipewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Mwaka 1917! Kanisa langu mimi lilikuwa bado na miaka 61 mbele yake.

Miaka hiyo 61 ilikuwa na mambo. Afrika Kusini, hata Mzungu akitaka ukuhani alipaswa kuonyesha ukoo wake wote, babu kwa babu, mpaka utoke nje ya bara hili, kuthibitisha hana damu yetu. Rais David O. McKay alifika kule 1954 akaliondoa sharti hilo. Nigeria watu walikuwa wanaandika barua makao makuu ya Kanisa, Salt Lake City, wakiomba wamisionari, makundi mazima yamejipa jina la Kanisa kwa kusoma vijitabu tu. Mwaka 1963 gazeti la Nigerian Outlook lilichapa barua ya mwanafunzi Mnigeria aliyekuwa Marekani, akaanika habari hii ya ukuhani, na serikali ikawanyima wamisionari viza. Nadhani ilifanya sawa. Ghana, Joseph William Billy Johnson alianza kuhubiri Kitabu cha Mormoni, andiko letu pamoja na Biblia, mwaka 1964 na makanisa yake yakaendelea miaka 14 bila kuwa na mtu wa kuwabatiza. Watu wananiuliza Mweusi anawezaje kuingia humo. Huyo Johnson aliingia wakati mlango bado umefungwa, na mimi kila nikimfikiria nashindwa kujua nimsifu au nimwonee huruma.

Huko Marekani kelele zilikuwa zimepanda. Mwaka 1969 wachezaji 14 Weusi wa Chuo Kikuu cha Wyoming walifukuzwa timuni kwa kutaka kuvaa kitambaa cheusi mkononi siku ya kucheza na chuo cha Wamormoni. Na Brazil Kanisa lilikuwa linajenga hekalu São Paulo, nchi ambayo damu zimechanganyika hata mwenye macho ya samawati hajui bibi yake alitoka wapi. Nani angesimama mlangoni kuchagua?

Tarehe 1 Juni 1978, ndani ya hekalu la Salt Lake, Rais Spencer W. Kimball na mitume walisali juu ya jambo hili, nao wanashuhudia kwamba walipata ufunuo. Ukatangazwa tarehe 9. Mdogo wako ataukuta mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yetu, unaitwa Tamko Rasmi la 2. Siku mbili baadaye Mweusi wa kwanza tangu amri ile kuondolewa alipewa ukuhani Utah. Novemba hiyo hiyo Anthony Obinna akabatizwa Nigeria, Desemba ikafuata Ghana. Kwetu Zaire Kanisa lilipata ruhusa 1986. Mwaka 2009 Mkenya Joseph Sitati akawa Mwafrika Mweusi wa kwanza katika viongozi wakuu wa Kanisa zima, mwaka 2020 akaingia Thierry Mutombo wa Kinshasa.

Lakini tamko la 1978 lilifungua mlango bila kusema kwa nini ulifungwa. Zile sababu za Kaini zikabaki vitabuni na vinywani mwa watu. Bruce R. McConkie, mtume aliyekuwa ameziandika mwenyewe, aliwaambia walimu Agosti 1978 wasahau yote aliyoyasema yeye na Brigham Young na wengine juu ya jambo hilo, kwamba walisema bila kuwa na mwanga uliokuja sasa. Ilibidi tungoje Desemba 2013 Kanisa lenyewe liweke kwenye tovuti yake makala juu ya rangi na ukuhani. Humo linakana waziwazi kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana, linakana ile ya roho kabla ya kuzaliwa, na linasema ubaguzi wa wakati ule ndio uliozaa mawazo hayo. Kifaransa ipo. Mjomba apewe aisome, mdogo wako apewe aisome, na wale vijana wawili pia, maana nina hofu hawajaiona.

Mimi nimebaki. Nilibaki kwa sababu ya Kitabu na kwa sababu ya watu ninaosali nao, na sina la kumthibitishia mtu. Ila ninachosema kila mahali, mpaka wengine wamenichoka, ni hiki: mtu aambiwe haya kabla ya maji. Asije kuyasikia kwa mjomba kwenye bukari.

Mama_Kampemba

Mwalimu umesema vizuri, lakini umetaja wanaume tu. Mimi nilikuwa mshiriki, siendi tena. Sikugombana na mtu yeyote, waliniheshimu. Kilichonitoa ni Jane Manning James.

Huyo alizaliwa Connecticut, Mweusi huru. Mwaka 1843 aliondoka na ndugu zake kwenda Nauvoo, mji wa Wamormoni wakati huo, kwa Joseph Smith. Walipofika Buffalo wakanyimwa safari ya mashua, basi wakatembea kwa miguu, karibu kilomita 1,300. Mwenyewe amesimulia jinsi viatu vilivyokwisha, miguu ikapasuka, wakaacha alama za damu njiani. Joseph Smith akampokea nyumbani kwake, akafanya kazi mle ndani. Akaingia Utah mwaka ule ule wa 1847. Hakuacha Kanisa siku moja.

Uzeeni akaanza kuwaandikia viongozi, anaomba aingie hekaluni kama wenzake. Alisema mke wa Joseph, Emma, aliwahi kumwambia wangemchukua kama mtoto wao, akaomba basi aunganishwe na familia hiyo kama mtoto. Mwaka 1894 wakamjibu kwa ibada waliyoitunga: aunganishwe na Joseph Smith kama MTUMISHI. Wa milele. Na hata kwa hilo hakuruhusiwa kuingia, mwanamke Mzungu alisimama kwa niaba yake. Aliendelea kuomba mpaka kufa kwake 1908. Ibada zake zilifanywa 1979.

Mimi nimefanya kazi za ndani za watu. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu. Watu wananiambia Kanisa limebadilika, naona kweli limebadilika. Lakini neno la kuomba radhi lililonyooka, rasmi, hawajalitoa. Mei 2018 mtu alitengeneza tovuti ya bandia akaweka barua ya kuomba radhi kana kwamba Kanisa limeandika, na kuna Wamormoni Weusi huko Marekani walioiamini wakafurahi, kumbe ni mchezo. Fikiria mtu anavyokingoja kitu mpaka feki yake inamliza.

Dada wa Katuba, simwambii mdogo wako asibatizwe. Namwambia amjue Jane kwanza.

Mkimbanguisti_wa_Kenya

Nisamehe kuingia mambo ya watu. Naandika toka Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi. Papa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa Kanisa letu, alikufa gerezani hapa hapa mjini kwetu, 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 kifungoni, kwa kosa la kumhubiri Yesu akiwa Mweusi. Hatukungoja 1978 mtu atuambie tunafaa. Naona ninyi mnapita mlangoni kwetu mnaenda kubisha hodi Utah. Na juu ya Hamu, fungueni Mwanzo 9: Nuhu anamlaani Kanaani, mjukuu wake. Hamu mwenyewe hakulaaniwa, na rangi ya ngozi haitajwi popote. Watu wamejenga utumwa wa mamia ya miaka juu ya mstari wasiousoma mpaka mwisho.

Mwalimu_Kamalondo

Papa wa Kenya, hapo kwenye Mwanzo 9 nakupa alama zote. Juu ya kubisha hodi, wazazi wetu wote walibisha kwa mtu: Wabelgiji, Waswidi, Wamarekani wa Kimetodisti. Ninyi ndio peke yenu mna haki ya kutucheka.

Mama wa Kampemba, la Jane sina cha kujibu. Sitajaribu.

Dada_wa_Katuba

Aksanti sana wote, hasa Papa Mwalimu na Mama. Nilimsomea mdogo wangu kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akakasirika, na hakunikasirikia mimi. Amewaambia wale vijana siku isogezwe. Wa Mbuji-Mayi alikubali bila neno, wa Kinshasa aliomba atumiwe hiyo makala kwenye simu yake.

Swali moja limebaki, ni lake yeye: ndani ya Kitabu cha Mormoni chenyewe amekuta 2 Nefi 5 inasema watu fulani walifanywa kuwa na ngozi nyeusi kwa sababu ya uovu wao. Hii nayo imekanwa?

Mwalimu_Kamalondo

Mdogo wako anasoma kweli, nimempenda. Mstari huo ni wa 21, na upo mpaka leo. Unawahusu Walamani, watu ambao Kitabu kinawaweka bara la Amerika, haumhusu Mwafrika, na sera ya ukuhani ilijengwa juu ya Kaini, si juu ya Walamani. Lakini sitamdanganya kwamba msomaji Mweusi akiufikia hausikii. Wapo wanaosema "ngozi" pale ni mfano wa hali ya moyo. Wapo wanaosema ni Nefi mwenyewe, anayesimulia sehemu hiyo, anayewasema vibaya kaka zake aliogombana nao, na mimi niko karibu na hao. Mahali pengine, 2 Nefi 30:6, palipokuwa panasema watu watakuwa "weupe" pamewekwa "safi" tangu chapa ya 1981. Joseph Smith alikwisha kulibadilisha hivyo katika chapa ya 1840, likapotea katikati. Na mwambie asiishie sura ya 5. Aende 26:33, ambapo Kitabu hicho hicho kinasema Mungu hamkatai yeyote anayemjia, mweusi na mweupe, mtumwa na huru, mwanamume na mwanamke. Brigham Young alikuwa nao mstari huo mwaka 1852. Ulikuwa umechapwa miaka 22 tayari.

Anipate kwa ujumbe wa siri humu, tuonane Jumamosi saa tisa. Mjomba aje naye, nitafurahi zaidi.

Dada_wa_Katuba

Mjomba amesema atakuja, ila kama hakutakuwa na kahawa haji, na kumbe ninyi hamnywi kahawa.

Mwalimu_Kamalondo

Hapo ana haki ya kulalamika, haipo! Mwambie chai ya mchaichai ipo. Na Kijana wa Ruashi, nawe uje. Uliuliza kama Kanisa la kibaguzi lingejenga hekalu Lubumbashi. Nataka uniulize tena mbele ya mjomba.

Kijana_Ruashi

Nitakuja, Papa. Naisoma hiyo makala sasa. Kwa nini hawakutupa hii kwenye darasa la wamisionari?